Umemuvaa Mutoto Wangu

Shangazi yangu, wa ukoo wa Maniema wenye ndugu wafanyabiashara pwani, alikuwa na neno ambalo majirani zetu wa mtaa wa Katoyi hawakulitumia kama yeye. Mtu akikusimamisha njiani bila salamu na kukubana kwa maneno usiyoyataka, yeye alisema, "Amenivaa." Nikiwa mdogo nilimcheka. Kwangu mimi watu walivaa nguo tu.

Mwaka jana, mchana, nilikuwa natoka sokoni na sweta ya kijani niliyoinunua kwenye mitumba. Mama mmoja alinijia mbele akasimama karibu sana, hata nikasikia harufu ya moshi wa kuni kwenye kitenge chake.

"Hiyo kifungo ya tatu," akasema, "nilishona mimi na uzi mwekundu."

"Mama, tunafahamiana?"

"Umemuvaa mutoto wangu."

Hakusema sweta ya mtoto. Nilikigeuza kifungo. Nyuma yake uzi ulikuwa mwekundu, nami sikuwahi kuuona.

Akanieleza, sauti yake tulivu mno. Walikimbia vita kijijini Kibumba kwenda kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, na katika msongamano binti yake, umbo langu hilihili, alibaki nyuma. Hakuonekana tena.

Nilimpeleka kwa mwanamke aliyeniuzia. Huyo akafungua mikono: nguo zilikuja zimefungwa pamoja, hakuuliza zilikotoka. Nikaanza kuivua sweta pale pale. Yule mama akanishika mikono na kunifunga vifungo kimoja kimoja, kama mtu anayemtayarisha mtoto kwenda shule.

"Hapana. Bakia nayo. Nikikuona, nitajua angali anatembea."

Ningeweza kukataa. Badala yake, kila siku ya soko niliivaa na kupita njia ileile, naye akawa amesimama ng'ambo, akinitazama. Nilianza kutembea polepole, mwendo usio wangu. Sijui nilijifunza wapi.

Majuma kadhaa baadaye alivuka barabara. Macho yake hayakunitafuta usoni; yalikuwa kwenye sweta.

"Mama amechoka kungoja," akasema. "Unarudi lini nyumbani?"

Nikasikia mdomo wangu ukijibu, "Kesho, mama."

Alitabasamu, akanipangusa vumbi begani, akaondoka haraka kama mwenye kwenda kupika. Sweta iko chini ya nguo zangu zingine, imekunjwa. Kwenda sokoni siku hizi nazungukia njia ya mbali.