Nilijifanya Sijui Kimbugu

Admin, jina langu lifiche, na kijiji pia, maana huku Lushoto tunajuana hadi mbuzi. Nina miaka hamsini na sita, mama wa watoto watatu. Mume wangu ni Msambaa. Mimi ni Mmbugu, na jambo hilo nililificha nusu ya maisha yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za ruksa, nilikuwa mhudumu kwenye kituo kimoja cha afya. Wenzangu waliwacheka Wambugu, wakiwaita watu wa msituni, na mimi nilicheka nao kwa Kishambaa safi. Asubuhi moja akaletwa mama kijana kutoka juu huko Shume, amebebwa kwenye machela ya miti, amevaa koti la mtumba la kiume. Kiswahili hajui. Glovu na pamba hana, na siku hizo wazazi walishaanza kuagizwa waje navyo. Ndugu zake waliombeba wakarudishwa madukani kuvitafuta, akabaki peke yake.

Akanishika gauni. Akaniambia kwa Kimbugu kwamba maji yamemtoka tangu juzi, na mtoto anacheza kwa mbali sana. Nilielewa kila neno.

"We binti, anasemaje huyu?" sista akaniuliza.

"Sijui, sista. Kimbugu hicho."

"Basi atembeetembee uani. Bado huyu."

Saa sita gari la kituo likateremka hospitali kubwa na mgonjwa mwingine. Alasiri mtoto akazaliwa, wa kiume. Hakulia. Nilimfunga kwenye kanga kwa mikono yangu, na sikufungua mdomo. Niliogopa kuchekwa, jamani. Kuchekwa tu!

Sasa mwanangu wa mwisho ameoa. Siku wakwe walipokuja kwetu, mama wa binti aliingia nikamjua pale pale: yule wa machela. Yeye hakunitambua. Mwanangu, asiyejua lolote, akamwambia kwa fahari kwamba mama yake naye ni Mmbugu. Yule mama alilia kwa furaha. Akatusimulia habari za mtoto wake wa kwanza, akasema, "Pale hapakuwa na hata mmoja wa kunisemea. Namshukuru Mungu, mwanangu amepata mkwe anayejua lugha yetu." Nikainuka kwenda kuongeza chai.

Mkwe wangu ana mimba ya miezi minane. Mama yake ameng'ang'ania kwamba mimi ndiye nimsindikize hospitali. Mume wangu, niliyemweleza wiki hii, anasema, "Ukisema, utavunja nyumba ya mwanao. Nyamaza." Lakini kila nikilipanga begi la uzazi nazihesabu glovu upya.

Juzi yule mama alinipigia simu, akaongea Kimbugu mwanzo hadi mwisho. "Dada, najua ukiwepo wewe, nitalala usingizi." Nikamjibu kwa Kimbugu kwamba nimeelewa.

Ninyi mnaosoma, nielekezeni. Nimwambie kabla binti yake hajajifungua, au nibebe begi na kunyamaza tena?