Kikongwe wa Filamu Mbili

Kitabu chenyewe nilimsomea binti yangu mara nyingi hadi jalada likang'oka. Kinahusu kikongwe anayeishi peke yake ng'ambo ya mto. Watoto wa kijiji wanamwogopa, mpaka siku mto unapofurika na yeye ndiye anayewavusha. Kuna sentensi fupi tu inayosema alitema mate kiganjani kabla ya kuwashika mikono. Nikiisoma, binti yangu hakuwahi kushtuka.

Kisha tukapata katuni yake. Humo kikongwe ana pua ya kiazi kitamu, na mate yake ni ya kijani, yanadunda sakafuni mpaka yanampiga paka. Binti yangu alicheka akagaragara kwenye kochi. Mimi ilinikera, maana sipendi wazee kufanyiwa mzaha. Niliposikia kuna filamu ya hadithi ileile iliyochezwa na watu, nilienda duka la sinema hapa Embu mjini nikawekewa kwenye flashi. Mke wangu aliuliza kama mtoto wa darasa la kwanza ataiweza. Nikamjibu, kwa ujuaji wangu, kwamba mtoto anafaa kuona mtu akiwa mtu.

Basi akamwona. Mwigizaji alikuwa mama mzee hasa, amejifunga kilemba, jicho moja lina ukungu, visigino vimepasuka. Ilipofika pale pa mate, kamera ilisogea mpaka midomo ikajaa skrini, na mate yakavutika polepole. Katika katuni mate yalikuwa mchezo. Hapa yalikuwa mate. Binti yangu alijifunika leso akalia, nikazima. Mto ulikuwa haujafurika bado, kwa hiyo alibaki na kikongwe ambaye hajamwokoa mtu.

Jumamosi iliyofuata mama yangu alitoka kwake Mikinduri akaja kututembelea nyumbani kwetu, mtaa wa Majimbo, na ndizi mbichi za kutosha mtaa mzima. Mama ni wa kizazi kisichobariki kwa maneno matupu. Hushika kiganja chako, akakitemea mate kidogo tu, ndipo akuombee. Ndivyo alivyobarikiwa na mama yake. Kanisani hawajamkataza, naye hajawauliza.

Alipoinama kuchukua kiganja cha binti yangu, kilemba kimemshukia hadi kwenye nyusi, nilijua kitakachotokea, lakini nilichelewa. Mtoto alichomoa mkono.

"Ni yule wa movie," akasema huku analia, akakimbilia bafuni. Tulisikia maji yakifunguliwa na sabuni ikianguka.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza kumweleza mama habari za katuni na filamu, ipi ilichekesha na ipi ilitisha, na kwamba makosa ni ya kamera. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuona haya. Mwishowe nikasimama ili nikamlete mtoto kwa nguvu aje aombe msamaha. Mama akanishika shati. Yeye huniita baba, kwa kuwa nina jina la baba yake, na siku hiyo aliacha Kimeru akasema kwa Kiswahili, mke wangu naye asikie.

"Wacha anawe, baba. Hata wewe ukitoka kwangu hujipangusa mkono na suruali ukifika kwa geti. Mimi huona."

Hakusema kwa hasira. Mke wangu akajitia kuchambua mchele uliokuwa umeshachambuliwa. Mimi nilitazama suruali yangu. Miaka yote hiyo nilidhani ua wa mchongoma wa kwake unanificha.

Kesho yake tulimsindikiza stendi. Binti yangu alikuwa ameshamzoea. Usiku walikuwa wamelala kitanda kimoja, na sasa alimbebea mkoba. Kabla mama hajapanda gari nilimnyooshea viganja vyote viwili, nimevifungua, nikangoja. Aliviangalia. Kisha akanishika mkono mmoja, jinsi anavyowasalimu wageni kanisani, akanitakia siku njema. Mkono wake ulikuwa mkavu.