Mkangazi wa Baba Uliokatazwa Kurefuka

Nakumbuka, mwanangu, enzi zile niliamini kwamba mti ukimzidi kimo aliyeupanda, mwenyewe anakufa. Niliamini kuliko nilivyoamini hesabu za shule ya usiku, na huko nilihitimu, usinicheke.

Ushahidi nilikuwa nao. Pale Kimamba, nyuma ya nyumba za reli, pana bustani ya miti ambayo leo wageni huja kuipiga picha. Ilianza hivi: watu walikuja kwa treni kukata mkonge, na kila aliyekata shauri kutorudi kwao alipanda mti mmoja, akahesabiwa mwenyeji. Mivule na mininga iliyokuwa ikikwaruza mawingu, wenyewe wote walikuwa makaburini. Miti mifupi, wenyewe walikuwa wanakunywa chai.

Baba, aliyetoka Kigoma, alipanda mkangazi. Naye alikuwa mfupi, Mungu amrehemu, kwa hiyo kazi nilikuwa nayo. Nilipima kimo chake kwa ufito akiwa amesimama mlangoni, na kila mara mti wake ulipokaribia alama, nilikwenda adhuhuri watu wamejilaza, nikaukata kilele. Miaka sita. Mkangazi ukanenepa badala ya kurefuka, ukawa kama tenga la kuku.

Utani ukaanza. Mzee wa Kigoma, majirani walisema, bado ana mguu mmoja kwenye treni. Baba alicheka nao, lakini jioni moja nikamsikia akimwambia mama, "Labda ardhi hii haijanikubali."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema. Nilijiambia heri baba mwenye huzuni kuliko baba marehemu.

Aliyenikamata ni Bi Zuhura, mama mtu mzima aliyekuwa akiitunza miti ile. Nikaficha panga mgongoni, nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Na hilo panga ni la kusalimia?"

Nikamweleza yote. Akaketi kwenye kisiki, akanitazama kama anayetazama mbuzi aliyevaa kofia.

"Wenye miti mirefu wamekufa kwa sababu walipanda zamani," akasema. "Basi. Twende ukamwambie baba yako."

Baba hakunipiga. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ardhi haikunikataa?"

Nikamjibu ni mimi. Akavaa kofia yake, akaenda kusimama kando ya mkangazi mchana kweupe, kila mtu amwone.

Alifariki mzee kabisa, mti ukiwa umelipita paa la stesheni. Lakini hadi leo una kigongo kilichovimba pale nilipozoea kukata, na kila nikipita nakitazama.

Mficha uchi hazai, mwanangu. Usimlinde mtu kwa siri inayomuumiza. Ukiogopa jambo juu ya umpendaye, kamuulize aliyekutangulia kabla hujashika panga; atakucheka kidogo, na kuchekwa hakuachi kigongo.

Mungu akujalie upande mti wako, na akujalie miaka ya kuinua uso kuutazama.