Shoka Lililonipeleka Kibaha

Nilitoka Chole kwa sababu ya shoka. Nalisema mapema, anayetaka kucheka acheke sasa hivi, tukishaingia barabarani twende pamoja.

Mjukuu wangu Zuhura, mtoto wa binti yangu Mwanaidi, anakaa na mama yake Kibaha, mtaa wa Sofu, na kazi anayoipenda kuliko chakula ni kukimbiza baiskeli za milimani. Si hizi zetu za kubebea mihogo. Yake ina matairi yenye meno kama mamba, na inaruka mizizi na mawe wala haivunjiki. Jumamosi ile mashindano yalikuwa Kisarawe, kwenye vilima, ndani ya msitu, wilaya yetu wenyewe! Zuhura ameshaandikishwa. Na mimi nilikuwa nimeshatangaza. Kisimani nimesema, shambani nimesema, msibani nimesema, mpaka jirani yangu Bi Sikujua akaniambia, "Tabu, mtoto huyo asipotokea, wewe utahama kijiji."

Jumatano jioni Zuhura akanipigia simu. Mtandao wetu mnaujua, unakuja na kuondoka kama paka wa jirani. Nikasikia analia: "Bibi, shoka... imechubuka! Jumamosi sitaingia msituni!" Pu, ikakatika.

Nikakaa kwenye kibao cha mbuzi nikawaza. Kwanza niliumia kwa ajili ya Kiswahili. Shoka imechubuka? Shoka limechubuka, mtoto wewe! Mama yake ofisini kutwa, nani wa kumfundisha? Halafu nikaielewa habari yote. Mashindano ni ya msituni. Msituni miti huanguka ikaziba njia. Basi kila mshindani lazima aende na shoka lake akate apite, na la Zuhura limepata pengo. Sasa niambieni, Chole hii nani ananishinda kunoa shoka?

Alhamisi alfajiri nilishafunga mzigo: tupa, jiwe la kunolea, na mpini mpya niliouchonga kwa mkono wangu nikaupaka mafuta ya nazi ukang'aa. Bi Sikujua akanikuta mlangoni.

"Unakwenda kunoa shoka Kibaha? Huko hakuna mawe?"

"Mawe yapo. Mikono ndiyo haipo."

Mpaka Mzenga nilipanda bodaboda. Yule kijana akawa analalamika njia nzima. "Bibi, huo mpini unanichoma mbavu."

"Usifunge breki ghafla, hautakuchoma."

Toka Mzenga nikapata pikapu ya mananasi inakwenda Mlandizi, nikakaa mbele na dereva, mpini nimeupakata kama mtoto. Karibu na Soga dereva akapunguza mwendo akaninyooshea kidole: "Bibi, tazama kule." Likapita treni la umeme. Halina moshi, halipigi kishindo, linapita tu kama mtu aliyekununia asitake kukusalimu. Sijamaliza kusema "Lahaula" limeshapotea. Nikajiambia, dunia inakimbia hivi, na mjukuu wangu anakwama kwa shoka butu? Nikamwambia dereva akanyage mafuta.

Kibaha nilifika jua limeshawaka. Nikachukua bajaji mpaka Sofu. Zuhura nilimkuta barazani, macho mekundu, baiskeli imelala chali miguuni pake kama mbuzi wa kuchunwa. Mwanaidi alikuwa nyumbani, anaumwa mafua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Futa machozi. Lete shoka."

"Shoka gani?"

"Lililochubuka."

Akanitazama, akatazama tupa mkononi mwangu, akautazama mpini. "Bibi! Shokapu! Nilisema shokapu! Shokapu ya baiskeli!"

Mwanaidi alicheka mpaka mafua yakamtoka. Mimi sikucheka. Nimebeba mpini kutoka Chole, nitacheka nini?

Zuhura akanionyesha. Mbele ya baiskeli, pale gurudumu linaposhikiliwa, kuna miguu miwili, na kila mguu ni bomba jembamba linalong'aa kama kioo linaingia ndani ya bomba nene. Ukikanyaga jiwe, jembamba linazama, ukipita, linapanda. Ndani yake kuna oili, na mdomoni kuna mpira unaoizuia isitoke. Hiyo ndiyo shokapu. Siku ya mazoezi alianguka kwenye kokoto, jiwe moja likachora bomba la kulia. Mchubuko mdogo, urefu wa punje ya mchele. Lakini kila bomba likipanda na kushuka, ule mchubuko unaukwangua mpira, na oili imeshaanza kulia pembeni.

"Wakaguzi wanapitisha kitambaa cheupe kwenye bomba kabla hujaanza," akasema. "Wakiona oili wanakutoa. Na fundi amesema shokapu mpya ya aina hii haipatikani wiki hii."

Nikaona jina langu Chole linavuja pamoja na ile oili.

"Chuma ni chuma," nikasema, nikainama na tupa yangu.

Zuhura akalirukia bomba akalikumbatia. "Bibi, ukiligusa na tupa nimekwisha! Likikwanguka ngozi yake hii ya juu, halifai tena!"

"Sasa linaponywaje?"

Hapo macho yakamng'aa. Alikuwa anajua, amejifunza kwa wenzake wa baiskeli. Unalisafisha bomba kwa spiriti. Unapitisha msasa laini kabisa, ule wa kulowekwa maji, pale penye ukingo uliosimama tu. Halafu shimo unaliziba kwa rangi ya kucha, tone juu ya tone, ikikauka unailainisha mpaka iwe sawa na bomba. Msasa anao. Spiriti anayo.

"Na rangi ya kucha?"

Akazungusha gurudumu la baiskeli kwa kidole. Mama yake naye akashughulika na leso.

Nikajua. Idi iliyopita nilimkuta Zuhura na kucha nyekundu nikawaka moto. Maji ya udhu hayapiti kwenye rangi, kila mtu anajua. Nikasema nyumba ya binti yangu kichupa hicho kisionekane, na atakayekishika asikanyage Chole.

"Mtoto wewe, umekaa unalia tangu jana, duka liko pale, kwa sababu hiyo?"

"Ulisema, bibi."

"Nilisema kucha! Hili ni bomba. Bomba linaswali?"

Akataka kukimbia dukani, nikamkataza. Katazo nilitia mimi, nitalitoa mimi. Nikajifunga kanga nikatoka.

Duka la jirani ni la Mama Neema, mtu wa Moshi, mcheshi, msalaba shingoni na kalamu sikioni.

"Shikamoo, bibi. Karibu, nikupe nini?"

"Marahaba. Nipe rangi ya kucha."

Wanawake wawili waliokuwa wananunua unga wakageuka. "Ya mjukuu?" Mama Neema akauliza.

"Ya mguu."

"Aa, kucha za miguu."

"Mguu wa baiskeli."

Akatafuta ile isiyo na rangi, akakuta imekaukia kichupani. Iliyobaki ni nyekundu, nyekundu ya bibi harusi. Akaiinua juani. "Bibi, ukijipaka hii, babu hatalala."

"Babu alishalala zamani, Mungu amrehemu. Funga."

Vicheko vilinisindikiza mpaka kona. Nilitembea kichwa juu. Aliyefunga safari toka Chole kuja kunoa shoka lisilokuwepo ataona haya ya kichupa?

Alasiri ile tukaanza kazi barazani. Zuhura akaosha bomba, akalikausha, akalifuta kwa spiriti. Akaniambia, "Bibi, pitisha kucha." Kucha yangu ya kidole gumba ni ngumu, imemenya mihogo miaka. Nikafumba macho nikaipitisha. Ikanasa! Kwenye ukingo wa mchubuko chuma kilikuwa kimeinuka kidogo, kama gamba la samaki. Akalowesha kipande cha msasa, akausugua ule ukingo kwa kulizunguka bomba, si kwa kupandisha na kushusha, maana ukisugua kwa kupandisha na kushusha unaichorea oili barabara ya kutokea. Kidogo, maji. Kidogo, maji. Mkono mwepesi. Hapo nilitazama kwa heshima. Ni mkono ule ule wa jiwe la kunolea. Mtoto hajawahi kunoa shoka, lakini mkono ni wa kwetu.

Nikapitisha kucha tena. Ukingo umekwenda, limebaki shimo. Zuhura akachovya njiti ya kiberiti kwenye rangi, akadondosha tone, likakaa shimoni kama damu ya mbu.

"Tuweke na tone jingine pembeni," akasema, "tulishike hilo kujua kama imekauka, tusiguse bomba."

Akatafuta mahali. Nikampa mpini wangu. Angalau upate kazi.

Likikauka, tone jingine. Kwenye bomba, kwenye mpini. Kwenye bomba, kwenye mpini. Mpaka magharibi rangi ilikuwa imevimba juu ya shimo kidogo tu. Tukaacha ilale.

Ijumaa baada ya swala nilibonyeza tone la mpini kwa kucha, halikubonyea. Zuhura akabandika selotepu juu na chini ya rangi ili msasa usile bomba, akalainisha tena kwa maji. Akatoa selotepu, akafuta. Akapitisha pamba. Kama bado pana ukwaru, nyuzi za pamba zinanasa. Akapitisha mara ya kwanza, sisi watatu hatupumui. Akapitisha tena. Haikunasa! Nilipiga kigelegele mpaka Mama Neema akatoka dukani kuuliza nani kaolewa.

"Mguu wa baiskeli!" Mwanaidi akamjibu.

Jumamosi asubuhi tulikuwa Kisarawe. Vijana wamejaa, kofia ngumu vichwani, miguu imejaa makovu kama ya watoto wachunga mbuzi. Mkaguzi akaja na kitambaa chake cheupe. Akaliona lile doa jekundu akakunja uso. "Hii nini?"

"Rangi ya kucha," Zuhura akajibu.

"Mbona kucha zako hazina?"

"Zinaswali," nikamwambia.

Akacheka, akafuta bomba. Kitambaa kikatoka kikavu. "Pita." Lakini akasema, "Kwa mizizi iliyoko humo, sijui kama itarudi hivi."

Muda wote waliokuwa msituni nililirudia neno hilo. Nilisimama pale njia inapotoka kwenye miti, nimeshika mpini. Akatoka mmoja, si wetu. Akatoka wa pili, si wetu. Halafu nikaona kitu cha matope kinateremka kilima, kinaruka, kinatua, kinaruka, na mbele yake doa jekundu linapanda na kushuka, linapanda na kushuka! Zuhura! Wa tatu! Nilikimbia, mimi Tabu mwenye goti bovu, nilikimbia.

Alivuka mstari akanyoosha mikono anikumbatie. Nikampita. Nikapiga magoti mbele ya gurudumu, nikashika ncha ya kanga yangu nyeupe, nikafuta matope, nikatafuta upande safi, nikalifuta bomba kulizunguka lote. Nikatazama. Kanga nyeupe pe. Hakuna oili.

"Bibi! Mjukuu ni mimi, si shokapu!"

"Wewe nakujua, mke mwenzangu. Wewe huvuji."

Ndipo nikamkumbatia, matope yote yakahamia kwangu. Medali aliniwekea shingoni mimi.

Jumapili nilirudi Chole kwa njia ile ile, nimeacha tupa kwa Mwanaidi ili ajifunze kunoa visu. Nilichojifunza nawaambia bila kuzunguka. Kilichochubuka usikikimbilie na tupa. Kipapase kwanza, kilainishe panapokwaruza tu, penye shimo ujaze kidogo kidogo, na ukubali kungoja kikauke. Na katazo lako mwenyewe ukilikuta limeziba njia, lifungue wewe.

Mpini nilirudi nao nikautia kwenye shoka langu. Una doa jekundu karibu na kichwa, na doa halitoki. Bi Sikujua alilipiga jicho siku ile ile, akalisugua kwa kidole, akanusa. Hakuuliza doa, mjanja yule. Aliuliza:

"Haya, Tabu, shoka la mjukuu limepona?"

"Imepona."

"Limepona."

"Imepona, nimekwambia! Wewe hujafika Kibaha."