Sauti za mke wa muzee nilizifuta mimi

Kosa ni langu, si la umeme. Nimechoka kulibeba, acha niliseme.

Nina sekretaria mtaani Murara, chumba chenye kompyuta chache za Linux ambapo watu huja kuchapa na kutoa kopi. Muzee mmoja wa mtaa wa Keshero, mwalimu mstaafu, aliniletea simu yake mbovu. Ndani mlikuwa na audio za marehemu mke wake: anamwagiza unga, anamgombeza kwa kuchelewa, anacheka. Alitaka nizihamishe kabla simu haijakufa.

Diski ilikuwa imejaa, maana kwangu kusafisha ni kesho na kesho. Basi nikamfungulia session yake, yaani nafasi yake kwenye kompyuta, nikaziweka kwenye folda ya muda isiyo kwenye diski, ile ambayo mashini humpa kila mtu anapoingia na kuifuta anapotoka. Nilijua hilo vizuri. Tulipomaliza, simu ikazimika na haikuwaka tena.

"Hapa iko salama?" akauliza.

"Iko salama, muzee. Session yako hatutaifunga. Kesho ulete flash, tutazitia mule."

Asubuhi wateja walijaa, mashini zikawa nzito. Kulikuwa na session zilizoachwa wazi, nikazifunga zote kwa mpigo bila kutazama ni za nani. Nilikumbuka ya muzee pale tu alipotokea mlangoni na flash mkononi, ingali kwenye plastiki yake. Nilitafuta kila mahali. Folda ilishakwenda, na sauti zote.

Nikamwambia courant, yaani umeme, ilikatika.

Akanishika bega. "Si kosa yako, mama. Courant ya hapa inasumbua kila mutu. Usilie."

Nililia, ndiyo, lakini si kwa sababu aliyoidhani.

Tangu hapo ananiletea wateja. Anawaambia, "Muende kwa ule mama, iko na roho muzuri." Mteja akisema ametumwa naye, siku hiyo chakula hakinishuki. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, naitembea kila siku.

Nyinyi mnaotunza mashini za watu, kabla ya kufunga session ya mtu, muulizeni ameacha nini ndani. Na mkikosea, semeni siku ileile, hata kama atawafokea. Muzee wangu amesamehe umeme. Mimi hajanisamehe, kwa kuwa hajui.