Stamatia, Mkata Vichwa wa Trikala

Simu kutoka hospitalini ililia Evlambia akiwa jikoni, anakatakata spinachi ya pai. Muuguzi alimwita mama, akazungumza taratibu, akasema dada yake Stamatia amefariki alfajiri. Moyo ulisimama akiwa usingizini. Evlambia akafanya ishara ya msalaba, akazima jiko, akaketi. Kabla hata machozi hayajamtoka, likamjia wazo: nani atakuja kumzika? Stamatia hakuolewa wala hakuzaa, na kwa miaka mingi nusu ya mtaa wao hapa Trikala, Ugiriki, ilimwita Mkata Vichwa.

Jina hilo lilitokana na kazi yake. Stamatia alikuwa akinunua au kuletewa vifarasi vya plastiki, vile vyenye manyoya marefu ya rangi, ambavyo watoto wamevichoka, mbwa wamevitafuna, au vimelala darini mpaka vikaota ukungu. Alivifumua na kuvifanya upya. Alianza na shingo. Aliizamisha kwenye maji ya moto hadi gundi ilegee, akaizungusha polepole kwa kisu butu, na kichwa kikatoka kizima. Evlambia alijaribu siku moja, akavuta kabla shingo haijapata moto, ikachanika hadi kifuani.

"Mdogo wangu, hiki si kizibo cha chupa," Stamatia alimwambia. "Kiombe taratibu, kitakupa."

Kichwa kikishatoka, aling'oa manyoya ya zamani kwa ndani kwa kutumia kibano, akatoa kile kipete cha chuma kinachoshika mkia, ambacho kikipata kutu huchafua makalio yote, akasugua, akaziba mikwaruzo, akapaka rangi. Kisha alishona manyoya mapya kwa sindano ndefu, tundu moja baada ya jingine, na kuunguza ncha za uzi kwa mshumaa. Alipomaliza, farasi aliyekuwa hana jicho alikutazama kama anayekujua.

Shida ilikuwa kukausha. Vichwa alivianika kwenye kamba ya roshani, kimoja kimoja, vimebanwa kwa manyoya kati ya soksi na taulo. Viwiliwili alivipanga dirishani bila vichwa. Bi Asimina, jirani wa ng'ambo ya barabara, aliyaona hayo kila akifungua pazia. Mwaka mmoja, katikati ya Kwaresima, Stamatia alipoomba meza kwenye soko la hisani la parokia, Bi Asimina aliwaambia akina mama wa kamati kwamba mwanamke anayetundika vichwa wakati wa mfungo hawezi kukaa karibu na kanisa. Wakamnyima meza. Jioni hiyo Stamatia hakula. Alikuwa amefanya kazi kipupwe kizima kwa ajili ya soko lile, na lililomuuma zaidi ni kuambiwa hafai mlangoni pa kanisa alilobatiziwa.

Bi Asimina hakuishia hapo. Alimwendea Padri Prodromos, akamwomba aje kuisomea nyumba ile sala.

Padri alikuja mchana, amevaa stola shingoni, msalaba na tawi la mrihani mkononi, Bi Asimina nyuma yake. Evlambia, aliyekuwa pale kwa dada yake, alifungua mlango. Stamatia alikuwa kwenye roshani. Mezani palikuwa na kitambaa cheupe kisafi, bakuli kubwa la maji na mshumaa unaowaka. Yeyote aliyelelewa katika nyumba zetu angeona kile alichokiona padri: familia imeshaandaa meza ya kubariki maji. Akafurahi, akaanza kuimba papo hapo. Evlambia alifungua mdomo, akaufunga. Nani anamkatiza padri katikati ya sala?

Stamatia aliingia na vibanio mdomoni, akaona, akaganda. Padri akauchovya msalaba mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu msalaba ukagonga kisahani cheupe kilicholala kifudifudi ndani ya maji, kisahani kikapinduka, na kifarasi cha rangi ya waridi kilichokandamizwa chini yake kikaibuka juu ya maji, macho yamekodolewa, kikimtazama padri.

Padri alimaliza sala yake hadi mwisho, kwa sauti isiyotikisika. Kisha akauliza, "Stamatia, nimembatiza nani?"

"Bado hana jina, Padri wangu. Alitafunwa na mbwa. Nilikuwa namlegeza shingo."

Akamweleza kila kitu, akamtolea kabatini vile alivyokwisha kuvimaliza. Padri alikaa, akavigeuzageuza kimoja kimoja mkononi, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokuwa anakizuia.

"Kwa hiyo vile vichwa vya kwenye kamba..." alianza Bi Asimina.

"Vinakauka, jirani. Ukitaka na chako tukianike, nafasi ipo."

Hapo padri akacheka waziwazi, na baada ya kusita kidogo Bi Asimina naye. Kabla ya kuondoka, padri alisema maji yale yameshabarikiwa, yasimwagwe kwenye sinki, yapelekwe kwenye mizizi ya waridi, na kwamba meza ya Stamatia itakuwa pale pale kwenye ngazi za kanisa, yeye mwenyewe ataibeba.

Akaibeba kweli, mbele ya kamati nzima. Habari za bakuli zilikuwa zimezunguka mji, na vifarasi vikaisha kabla kengele ya mchana haijalia. Tangu hapo hapakuwa na soko bila Stamatia. Watu walimletea kazi kutoka miji ya Larisa na Karditsa, na jina la Mkata Vichwa likabaki, ila sasa walilitaja wakitabasamu, wakiuliza njia ya kwenda kwake.

Evlambia aliyawaza hayo yote, na bado siku ya mazishi alipanda ngazi za kanisa kwa hofu. Kanisa lilikuwa limejaa. Waliochelewa walisimama uani juani, wengi wao akina mama walioshika watoto mikono. Padri Prodromos, mzee sasa, alisoma ibada bila kuharakisha. Watu wakapita mmoja mmoja kumbusu marehemu. Evlambia alimbusu dada yake kwenye paji la uso, lilikuwa baridi, akamwambia, "Nenda salama, dada. Wamekuja." Makaburini padri alimimina mafuta na divai juu ya marehemu kwa umbo la msalaba, wakaimba wimbo wa kumbukumbu ya milele, kila mtu akatupa udongo kidogo. Kisha wakaenda kunywa kahawa chungu, kama ilivyo desturi baada ya mazishi.