Usingizi wa Mtu wa Kivuko

Kwa miaka thelathini na moja Machibya alifunga na kufungua kamba za kivuko cha Kigongo na Busisi, zamu ya usiku. Aliwavusha ng'ombe, maharusi na maiti. Alipostaafu na kufiwa na mkewe, bintiye Selina akamchukua akaishi naye Igogo. Balaa lilianzia hapo, tena lilianza kwa upendo.

Mzee alilala jua likizama. Saa nane za usiku alikuwa macho, akizunguka uani kimyakimya. Selina akaogopa, akampeleka zahanati. Tabibu aliyekuwapo alisikia neno "halali", akaandika kidonge cha usingizi. Hakuuliza zaidi, foleni ilikuwa imefika nje.

Kidonge kilimlaza kweli, hata mchana. Kikamwangusha mlangoni. Akawa anamwita Selina kwa jina la marehemu mama yake, akikataa kuvishwa shati, akipiga kelele. Tabibu wa pili akaongeza kidonge cha kutuliza akili. Mikono ikaanza kutetemeka. Wa tatu akaongeza cha kuzuia tetemeko. Kuanzia hapo, kila mwezi daftari lake la matibabu lilipata mstari uleule: aendelee na dawa. Kila tabibu alisoma mstari wa juu, akaunakili chini. Mwaka na nusu ukapita hivyo, na katika watu wote walioshika kalamu, hakuna aliyeinua macho kumtazama mzee usoni.

"Ni uzee tu huo," majirani walisema.

Selina anauza mchele sokoni, na baba si kuku wa kufungiwa ndani. Akaamua kumpeleka Magu kwa Elias, mdogo wa mzee. Machibya alisikia. Ulimi ulikuwa mzito, lakini alielewa vizuri: huko angewekwa kwenye kiti mpaka siku ya kuzikwa.

Ilibaki kuchukua dawa za safari. Siku hiyo walimkuta tabibu mpya, Nice Rwehumbiza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nice alifunua daftari kurudi nyuma, hadi ukurasa wa kwanza. "Baba, huku kuamka saa nane kulianza lini?"

Selina akafungua mdomo kumjibia. Nice akamzuia kwa mkono. Wakangoja.

"Nikiwa na miaka... ishirini na mitano," Machibya akasema taratibu. "Zamu ya saa nane. Kivuko."

"Na enzi hizo mchana ulikuwa unalala?"

"Kama jiwe."

Nice akaliweka daftari mezani. "Dada, baba yako hakuwa anaumwa. Mwili wake ulikuwa bado uko zamu. Kidonge cha kwanza kilimchanganya, cha pili kikaletwa kunyamazisha kelele, nacho kikaleta tetemeko. Hiki cha tatu nacho kinavuruga akili za wazee."

"Kwa hiyo nizitupe?" Selina alikuwa ameshasimama.

"Usithubutu! Ameshazizoea, ukizikata ghafla utamuumiza. Nampigia kwanza daktari wa akili wa hospitali kubwa. Tutapunguza kidogokidogo, na kila wiki unamleta nimwone."

"Tunahamia Magu Jumamosi."

"Nipe miezi miwili. Nakuomba."

Selina alimtazama baba yake. Machibya alikuwa ameushika ukingo wa meza kama mtu asiyetaka kunyanyuliwa.

"Miwili," Selina akasema.

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Mzee alitoka jasho, akawa mkali. Kisha ulimi ukaanza kulegea. Wiki ya sita alijifunga vifungo vya shati mwenyewe, vyote, kimoja baada ya kingine, Selina akitazama tu. Wiki ya nane alimtania Nice: "Nyie Wahaya tuliambiwa mnaongea Kiingereza tu. Wewe mbona unauliza maswali kwa Kiswahili?"

"Kiingereza nimekiacha Bukoba, baba. Mzigo ulizidi."

Alicheka mpaka akakohoa.

Jioni ile aliomba simu ya Selina, akampigia mdogo wake.

"Elias? Nakuja Jumamosi... Hapana, siji kukaa, nani kakudanganya? Nakuja kukusalimia. Nichinjie kuku, na asiwe yule mzee mwenzangu." Akasikiliza kidogo. "Jumapili narudi. Kwangu ni Igogo."

Selina, aliyekuwa akipepeta mchele pale uani, hakuinua kichwa. Alisema tu, "Baba, utapanda basi peke yako?"

"Kwani Magu imehama?"